Betri Mbili za Kigari cha Mwosha Maiti

Miaka ya tisini suruali zangu zote zilikuwa na matundu madogo madogo kuanzia magotini kwenda juu. Hayo yalikuwa matunda ya asidi. Nilikuwa nikichaji betri katika kiduka kimoja cha Bondeni, Mombasa, na aliyenipita barabarani aliijua kazi yangu kabla sijafungua mdomo. Mke wangu alizifua nguo zangu katika beseni la peke yake, mbali na za watoto, na kila akifua alikuwa na neno la kusema. Nami kila akisema nilikuwa na la kujibu, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu.

Kiduka kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyoliwa na asidi, chaja mbili kubwa zenye kuunguruma kutwa, mitungi ya maji ya betri, na betri za watu zimepangwa chini mpaka huna pa kukanyaga. Nyingi zilikuwa za gari, lakini wenyewe hawakuwa na gari. Walikuwa watu wa upande wa Likoni na Kisauni ambao stima haijawafikia, wakitazama televisheni kwa betri. Nyingine zilikuwa za vipaza sauti vya misikiti, za siku stima ikikatika.

Betri huchukua mchana na usiku kujaa, kwa hiyo palikuwa na desturi. Ukileta yako, unapewa ya kuazima, iliyopakwa rangi nyekundu ubavuni, ukaendelee na mambo yako mpaka yako iwe tayari. Duka lisilokuwa na betri za kuazima halikuwa na wateja. Watu walikuwa tayari kukosa chakula cha usiku kuliko kukosa taarifa ya habari.

Mwenye duka, tajiri wangu, alikuwa amezeeka na mgongo umemkatalia kazi. Alikuja asubuhi tu, akanywa kahawa yake mlangoni, akanikosoa, akarudi nyumbani. Ndiye aliyenifundisha kila kitu. Mimi nilitoka kwetu Rabai nikiwa sijui chanya wala hasi, na yeye alinivumilia mpaka nikajua. Jambo moja alilirudia mpaka nikachoka kulisikia. Betri mbili zikitakiwa kufanya kazi pamoja, usizipachike hivi hivi. Kwanza ichaji kila moja peke yake mpaka ijae. Kisha ziunge chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, uziache mpaka kesho yake. Iliyo juu itaipa iliyo chini, na asubuhi utazikuta sawa. Kazi hiyo tuliiita kulaza. Haina ugumu wowote, ni kungoja tu, na kungoja ndiko kulikonishinda mimi tangu utotoni.

Kazi za betri mbili zilikuwa chache pale dukani. Mabasi ya Mwembe Tayari yalikuwa nazo, na malori. Na kulikuwa na kigari cha bibi mmoja mtaani kwetu.

Bibi huyu alikuwa mwosha maiti. Wanawake waliofariki kuanzia Bondeni hadi kule ndani Mji wa Kale, wengi walipita mikononi mwake, na walio hai walimsalimu kwa adabu ya ziada kwa sababu hiyo. Magoti yalipomharibikia, wanawe walimtaka apumzike. Hakutaka. Mmoja wao aliyekuwa akifanya kazi Arabuni akaona heri amletee kigari cha umeme, cha magurudumu matatu, chenye kiti na usukani, na kijiti kidogo cha kubonyeza kwa kidole ndipo kiende. Hapakuwa na kingine mjini. Alikipanda na buibui lake, kikapu mbele kimejaa vitu vyake vya kazi, kafuri, mawardi na majani ya mkunazi, akakatiza vichochoro polepole bila kumtazama mtu. Watu wakikiona kimesimama mlangoni pa nyumba waliuliza nani amefariki. Siku ya kwanza aliyokuja dukani kwangu, majirani wawili walikuja mbio kunipa pole.

Betri kilizokuja nazo kile kigari hazikumaliza miaka miwili. Zilikuwa za kuzibwa, hazifunguki, na kama hizo hazikupatikana. Nikampachikia mbili ndogo za gari, na seremala wa jirani akatengeneza sanduku la kuzibebea chini ya kiti. Kigari kikawa kizito, lakini kilikwenda. Zile mbili nilizilaza usiku mzima, kama nilivyofunzwa, na nilipomweleza kwa nini ilibidi angoje mpaka asubuhi, bibi alicheka.

"Ati mbili zikikaa pamoya zataka haki sawa," alisema. "Hayo wanambia mimi, mwanangu? Mimi nimekuwa betri ya kwanza miaka ishirini na mitatu."

Ndipo nikajua kuwa alikuwa na mke mwenza. Mume wao alikuwa mpishi wa halua, naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wake hao wawili walikuwa wamepatana vizuri kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Walilea watoto pamoja, wakamzika mume pamoja, wakakaa eda pamoja. Kilichowatenganisha ni harusi. Yule mdogo alikuwa akimwoza binti yake, na mwalishi, yule mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba kualika watu, aliupita mlango wa bibi bila kubisha. Kama alisahau au alitumwa asahau, hakuna aliyewahi kusema. Bibi hakwenda harusini, na huyo mwenzake hakuja kuuliza kwa nini. Ikapita miaka kumi na moja hawasemezani, na kwa mwenye magoti mazima, kutoka nyumba ya huyu hadi ya yule hata uji haupoi njiani.

Habari hizi nilizipata kidogo kidogo, bibi akiwa ameketi kwenye kigari chake mbele ya duka akisubiri nimwongezee maji ya betri. Alikuwa msemaji, ila juu ya wanawe hakuwa na maneno mengi. Walikuwa bado wakimshikilia aache kazi. Waliwahi kumwambia mbele yangu kwamba akihitajiwa mahali, watamwita teksi na vijana wa kumbeba mpaka ndani.

"Siku n'takayobebwa kupelekwa kwa maiti," aliwajibu, "siku hiyo mujue nami nimekwisha. N'tarudi kukaa kitandani muniletee uji."

Basi kigari kile ndicho kilichokuwa kazi yake, na kazi ndiyo iliyokuwa yeye. Hilo nililijua vizuri, kwa hiyo sina pa kujificha.

Mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, yule mke mwenza aliugua. Alipoona haponi, alituma ujumbe kwa bibi. Hakuomba radhi na hakumwita aje kumwona. Alisema tu: nikifa, anioshe yeye. Bibi alikuja dukani kesho yake asubuhi kunisimulia, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

"Ameniachia mwili wake," alisema. "Mtu hamwachii adui mwili wake. Sasa, fundi, nitizamie betri. Kigari kisije kikanifedhehi siku hiyo."

Nilizipima. Moja ilikuwa imechoka kabisa, chumba kimoja cha asidi ndani yake kimekufa. Ya pili ilikuwa na nguvu kidogo lakini chaji yake ilikuwa nusu. Ilipasa nimzuie bibi mpaka kesho yake, niichaji ile ya nusu peke yake, nitafute mwenzake wa kufanana nayo, nizilaze. Lakini mabasi mawili yalikuwa yakiningoja Mwembe Tayari, na dereva mmoja alikuwa ameshatuma mtu mara mbili kunitukana. Nikafanya lile ambalo kila fundi wa betri Mombasa amelifanya mara mia. Nilichukua betri ya kuazima, mpya, imejaa pomoni, yenye rangi yake nyekundu ubavuni, nikaipachika mahali pa ile iliyokufa. Kipimo kikasoma vizuri sana.

"Zimelala?" bibi aliniuliza. Alikuwa amelishika neno hilo tangu mara ya kwanza.

"Ziko sawa, bibi," nikasema.

Sikumwambia zimelala. Nilimwambia ziko sawa, na wakati ule niliona kuna tofauti.

Ziliendelea kumpeleka wiki mbili bila tatizo, maana hakwenda mbali. Kila jioni alichomeka chaja ya kigari nyumbani, taa ya kijani ikawaka mapema, akajua zimejaa. Lakini chaja ile haiangalii betri moja moja. Inaangalia jumla tu. Ile mpya ilijaa haraka ikapanda juu, chaja ikaona inatosha ikaacha, na ile nyingine ikabaki na nusu yake, kesho robo, keshokutwa chini ya robo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na chaja nayo ilimsikiliza aliyeshiba.

Mke mwenza alifariki alfajiri ya Alhamisi. Maiti ilikuwa isaliwe baada ya adhuhuri. Bibi alipata habari mapema, akaoga, akapanga kikapu chake, akatoka saa nne kasoro. Alikataa kusindikizwa. Siku hiyo mimi nilikuwa chini ya basi Mwembe Tayari, na haya mengine niliyajua baadaye.

Kigari kilikwenda vizuri mpaka karibu na Makadara, penye kimwinuko kisichomshtua hata mwenye baiskeli. Hapo kikasimama. Bibi akangoja, akabonyeza tena, kikaenda hatua kumi, kikasimama. Akangoja tena. Kikaenda hatua nane. Betri iliyoishiwa ndivyo ilivyo, ukiipumzisha inajikusanya, inakupa mafunda mawili matatu ya nguvu, kisha inalala. Lau ingekufa moja kwa moja, bibi angeomba msaada dakika ile ile. Lakini kila mara ilimpa matumaini kidogo. Jua lilipomzidi alikisogeza kivulini, akaketi kukipa muda mrefu zaidi kipumzike. Watu waliopita walimsalimu, naye aliwaitikia. Wakimuuliza alisema amepumzika kidogo, yuwaenda. Hakutaka mtu amsukume, na hata kama angetaka, kigari kile kikikosa moto kinajifunga breki, na kijiti cha kuifungulia mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kumwonyesha.

Nyumbani kwa marehemu maji yalikuwa yameshatayarishwa. Binti yake, yule wa ile harusi, alikuwa mlangoni akimngoja. Saa tano ikapita. Mtu mmoja akaja na habari kuwa amemwona bibi ameketi kivulini Makadara, hana haraka. Wa pili akaleta habari hiyo hiyo. Ikakaribia saa sita, na hapo wakamwita mwosha maiti mwingine.

Bibi alipoona kigari hakimfikishi, aliwaomba wanawake wa nyumba ya karibu, wakaleta kiti, wakambeba. Jambo alilokuwa ameapa halitampata hai, aliliomba kwa mdomo wake. Walipofika kwenye kona ya mtaa wa marehemu, jeneza lilikuwa linatoka.

Halafu likaja la kummaliza. Baada ya alasiri mjukuu wake wa kike alikwenda kukichukua kigari. Kilikuwa kimepumzika saa tatu nzima, msichana ni mwepesi, na njia ya kurudi ni ya mteremko. Kikaja mpaka nyumbani bila kusita, na barabara nzima ikaona. Jioni hiyo mtaa ulikuwa umeshakata shauri. Kigari ni kizima. Bibi alikaa kivulini makusudi mpaka mwenzake aoshwe na mtu mwingine, ndipo akajileta kwa kiti ili aonekane amefika. Miaka kumi na moja alikuwa ameiweka kifuani, na mwisho amelipiza kwa maiti.

Siku tatu za matanga zilipokwisha, mjukuu alikileta kigari dukani. Bibi mwenyewe alikuja nyuma, kwa miguu, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ukutani. Sikuwahi kumwona akitembea umbali ule. Nikampa kiti, akaketi.

"Nataka uniambie kitu kimoya tu. Kilikufa au hakikufa?"

"Kwani bibi wewe si ndiwe ulokuwa juu yake?"

"Ndimi. Lakini kila mtu anambia ni kizima, na nilikiona kwa mato yangu kikirudi. Usiku nalala nikijiuliza. Yawezekana kidole changu hakikubonyeza sawasawa. Yawezekana moyo wangu ulikuwa hautaki, ukanizuilia mkono, nami sijui. Nimeosha watu wengi, mwanangu. Nimeona mambo ambayo moyo hufanya."

Sijui kwa nini sikuchukua muda. Labda ni kwa kuwa palikuwa na wateja wawili wamesimama. Nilifungua sanduku, nikagusisha nyaya za kipimo, nikasoma volti ishirini na nne na ushei. Betri zikipumzika ndivyo zinavyosoma, hata zikiwa na njaa. Sikufungua kifuniko hata kimoja.

"Kizima, bibi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Alisimama, akamwambia mjukuu wake kigari kiachwe hapo hapo, hana kazi nacho, akaondoka akishika ukuta. Mmoja wa wale wateja alinitazama, akatikisa kichwa na kusema watu wazima wengine wana mambo. Nilimjibu kwa ukali, lakini sikujua ninamjibia nini.

Jioni nilipokuwa nikifunga nilikumbuka kuwa betri moja kwenye sanduku lile ni yangu ya kuazima, na bibi akiwa hana haja na kigari basi niirudishe rafuni. Nikazitenganisha zote mbili mezani. Ile ya zamani, kwa mazoea tu, nikaiwekea taa kubwa ya lori tuliyokuwa tukijaribia. Taa ikawaka nyeupe. Nikageuka kutafuta kitambaa, nilipotazama tena ilikuwa ya manjano, kisha nyekundu, kisha uzi tu ndani ya kioo. Nikaitoa, nikafungua vifuniko, nikatia kipimo cha asidi. Kielea chake kilizama mpaka chini, dalili kuwa betri haina chaji. Nikangoja kidogo, nikaiwekea taa tena. Ikawaka nyeupe, ikafifia vile vile.

Nilikaa juu ya mtungi. Nilijiona mjinga, halafu nikajiona mbaya kuliko mjinga, kwa sababu mjinga hajui, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimemsimamisha barabarani, na alipokuja kuniuliza, yeye mwenyewe, kwa miguu ile, nikamwambia kosa ni la moyo wake.

Asubuhi tajiri wangu alizikuta betri zikiwa bado mezani. Alitazama ile nyekundu, akatazama ile nyingine, akaniuliza kama nilizilaza. Nikasema sikuzilaza. Alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunikosoa. Alipoinuka alisema tu kwamba leo atakaa dukani yeye, mimi nina safari.

Nilikwenda kwa bibi kwanza. Alikuwa sebuleni, kikapu chake kimetundikwa juu ukutani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: ya kuazima, ya nusu chaji, mabasi, neno langu la ziko sawa, na lile la pili la jana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na ningefurahi kutukanwa. Alinisikiliza, na nilipomaliza akafumba macho. Midomo yake ilitikisika kwa dua ambayo sikuisikia.

"Kwa hivyo nilibonyeza," akasema.

"Ulibonyeza, bibi. Kila mara."

"Alhamdulillahi." Akafumbua macho. "Basi mimi umeshanambia. Sasa sinambie mimi tena. Enda ukamwambie alokaa mlangoni akiningoja."

Hapo ndipo roho ilipotaka kuniruka. Kukosa mbele ya mteja ni jambo moja. Kwenda kwenye nyumba ya msiba, mimi mtu wa Rabai, Mkristo, mwenye matundu ya asidi kwenye suruali, kuwaeleza watu wa Mji wa Kale kwamba maiti yao ilikosa wosia wake kwa sababu nilikuwa na haraka, hilo ni lingine. Na maneno matupu yasingetosha. Mtaa mzima ulikuwa umekiona kigari kikienda, na mimi fundi wake nilikuwa nimeshakipitisha kuwa kizima mbele ya wateja. Nikarudi dukani, nikaazima mkokoteni, nikapakia betri zote mbili, taa ya lori na nyaya.

Nilifika baada ya alasiri. Nilipiga hodi, nikakaribishwa kwenye daka, pale penye baraza za mawe baina ya mlango wa nje na nyumba yenyewe. Mume wa yule binti alikaa nami. Binti alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na nilisikia kuwa hakuwa peke yake. Nilitoa pole zangu. Kisha nikasema nimekuja kwa sababu ya kigari.

"Kigari kizima," sauti ikasema kutoka ndani. "Wewe mwenyewe umesema. Imetufikia."

"Nilisema, mama. Nilikosea. Naomba nikuonyeshe."

Niliziweka betri mbili kwenye baraza. Nikaiwekea taa ile betri yenye rangi nyekundu, ikaangaza daka lote, nikaiacha iwake huku nikieleza kuwa hii ni mpya, ya duka. Kisha nikaihamisha taa kwenye ile nyingine, nikasema hii ndiyo mwenzake, na kigari hakiendi mpaka zote mbili zikubali. Nayo ikawaka nyeupe. Mume akanitazama kama mtu anayepotezewa wakati. Nikamwomba asubiri. Taa ikaanza kugeuka rangi, na kabla sijamaliza kueleza ikawa imezimika.

Nikaitoa waya. Nikaiacha betri ipumzike kitambo. Nikairudisha, ikawaka tena nyeupe kana kwamba hakuna kilichotokea, ikafifia, ikazimika. Pazia likasogea. Binti alikuwa amesimama, amejifunika kanga mpaka kichwani, macho yake yamevimba kwa kilio cha siku nyingi. Alikuwa mwanamke mzima sasa, si yule mwali niliyekuwa nikimfikiria.

"Iweke tena," akasema.

Nikaiweka mara ya tatu. Aliitazama ikiwaka mpaka ikafa.

"Na hapo ilipozimika, mama alikuwa afanya nini?" Alimwita bibi mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo.

"Alikuwa ameketi akingoja iamke."

"Kisha?"

"Kisha ikampa hatua kumi. Kisha nane. Wakimwona kivulini ni kwa sababu hiyo. Alikuwa hapumziki yeye, alikuwa akiipumzisha hii."

Binti aliegemea nguzo ya mlango. "Kumbe alikuwa yuwaja," akasema, na sijui alikuwa akimwambia nani. "Muda wote ule alikuwa yuwaja."

"Alikuwa anakuja," nikasema. "Mimi ndiye niliyemsimamisha. Nilizipachika bila kuzisawazisha, kwa haraka zangu."

"Haraka ilikuwa yangu," akasema. "Wanawake walinambia tungoje mpaka alasiri, hata maiti isaliwe jioni. Mimi ndimi nilosema asingojwe. Nilisema mtu asotaka kuja hangojwi."

Mumewe alitazama chini. Mimi nilikuwa bado nimeshika waya mkononi, nikaona haya kuwa nimeushika, nikauweka. Ndani mwanamke mmoja alianza kulia polepole na mwingine akamnyamazisha.

Baadaye binti akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. Akauliza bibi yuko wapi saa hizi. Nikamwambia yuko nyumbani, sebuleni, nimetoka kwake. Akauliza kama anaweza kuitwa, aje wakati watu bado wapo, kila mtu amwone akiingia.

"Hana kigari, mama," nikasema. "Betri zake ndizo hizi. Kwa miguu hafiki."

Alizitazama zile betri mbili juu ya baraza kwa muda, kisha akageuka, akaingia ndani kuchukua buibui lake.

"Basi n'takwenda mimi," akasema.